Chafya ya Pili Haikuja

Mume wangu Yadollah alinipata kwa chafya mbili. Mama yake alikuja kwetu kuniposa siku moja ya baridi, akakaa kwenye zulia karibu na jiko, akasifu chai, akasifu mapazia, na alipofungua kinywa kusema lililomleta, bibi yangu akapiga chafya. Moja. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Yazd, mtu akitaka kuanza jambo ikasikika chafya moja, tunasema subira imekuja, na jambo linasimama hapo hapo. Mama yake Yadollah akafunga kinywa, akaweka donge la sukari ulimini, akanywa chai yake kimya kama mtu aliyeingia kuota moto tu. Alikuwa ameshajifunika buibui lake na anatafuta viatu mlangoni, bibi akapiga ya pili. Ya pili maana yake nenda, tena haraka. Yule mama akarudi na kiatu kimoja mguuni, akasema yote kwa mkupuo mmoja.

Bibi alikuwa na mafua, basi. Binti yetu Farangis, anayesoma fizikia chuo kikuu mjini, hapendi kisa kingine kama hiki, na hakuna kinachomuudhi kama hiki.

"Kwa hiyo mimi nipo duniani kwa sababu ya kamasi za bibi?" huuliza.

"Upo kwa sababu Mungu alitaka."

"Akatumia kamasi."

"Anatumia anachotaka. Hebu menya vitunguu."

Yadollah ni mchimbaji wa mifereji ya chini kwa chini. Maji ya bustani zetu yanatoka chini ya mlima, yanatembea gizani chini ya jangwa, kwenye njia iliyochimbwa kwa mkono na watu ambao hata makaburi yao hatuyajui. Juu huoni kitu ila midomo ya visima imepangana mmoja baada ya mwingine hadi mlimani, na kile cha mwisho, chenye kina kuliko vyote, tunakiita kisima mama. Kazi ya Yadollah ni kushuka kwa kamba, kuzoa tope, kutazama paa, kutengeneza palipobomoka. Hushuka amevaa nguo nyeupe, ili wenzake wamwone gizani. Hiyo ndiyo sababu anayowaambia wageni. Sisi wake wa wachimbaji tunajua nguo hiyo inafaa pia kuwa sanda, na mimi tangu niolewe sijapata kuifua nguo ile bila mikono kuwa baridi.

Mtu mwingine akipatwa na chafya moja, hukaa kidogo, humsalia Mtume, akaendelea na safari yake. Yadollah hapana. Kwa kisima, alifundishwa na baba yake, chafya moja inakula siku nzima, isipokuwa ije ya pili. Na yeye aliitoa sheria hiyo kisimani akaipeleka kila mahali. Mwaka aliozaliwa Farangis aliitwa kazini kwenye kiwanda cha vigae. Alifika hadi getini, ameoga, amenyoa, na mlinzi wa geti akapiga chafya usoni pake. Yadollah akasubiri ya pili. Mlinzi akapenga kamasi, akasema, "Karibu ndani, bwana." Yadollah akarudi nyumbani. Nililia mwaka ule. Ningekuwa mke wa mtu wa kiwandani, anayerudi jioni na vumbi la vigae kwenye nyusi, si tope la mahali ambapo mtu hapaswi kwenda akiwa hai.

Jirani mmoja alinishauri ninuse tumbaku asubuhi anapofunga kamba za viatu. Nilijaribu. Yadollah aliinua macho akasema, "Batul, hiyo ni ya tumbaku, haihesabiki," akaenda zake. Tangu hapo nimebaki kusikiliza tu. Najua chafya za mtaa mzima. Najua ya mwokaji mikate, inayotoka kama mlango unaofungwa na upepo, na ya mke wa mwalimu, inayokaribia kutoka kisha inakawia. Mtu akiishi na hofu masikio yake hayalali.

Masika haya yaliyopita mafuriko yalishuka mlimani, yakaingia kwenye kisima kimoja kilichoachwa wazi, na ndani ya mfereji paa likaanguka. Maji ya bustani yakawa uzi. Makomamanga yalikuwa yamechanua, maua mekundu mti mzima, na ua la komamanga likikosa maji huanguka ndani ya siku mbili tu. Mwenye bustani kubwa ni Haji Khodadad, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alikuwa anakuja kwetu kila siku na pikipiki yake, hata kuingia hataki, anaita kutoka barabarani.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuingia chini ya paa lililobaki, ambalo lilikuwa limepasuka lakini limesimama, na kuzoa udongo ulioanguka. Kazi fupi, na maji yanarudi maua yangali mtini. Ya pili ni kuliacha paa hilo na kuchimba njia ya kuzunguka ubavuni, kwenye udongo mgumu kama tofali. Kazi ya majira yote ya joto, na matunda ya mwaka huo basi tena. Yadollah alishuka, akatazama kwa mbali na taa yake, akapanda.

"Ufa ukoje?" nilimuuliza.

"Mkono unapita."

"Mkono wa nani? Wako au wa mtoto?"

Yadollah akageukia barabara. Alimwambia Haji Khodadad kwamba Jumamosi ataingia chini ya paa.

Farangis alikuja nyumbani Alhamisi. Jioni, jua halijazama, tulikaa uani na chai, na kabla hajavua hata soksi alimvaa baba yake.

"Baba, paa limepasuka. Usiingie."

"Akipiga mtu chafya sitaingia."

"Lakini mbona usubiri chafya? Paa limepasuka! Hiyo si sababu?"

Yadollah alizungusha gilasi ya chai kwenye kisahani. "Nikimwambia Haji kwamba paa limepasuka, atasema mapaa yote yamepasuka. Nikimwambia naogopa, ataicheka familia yangu msikitini. Nikimwambia subira imekuja, ananyamaza. Hakuna anayebishana na subira."

Miaka yote ile sikuwa nimelisikia hilo kinywani mwake. Nilimtazama. Naye alikuwa anatazama chai, na masikio yake yamekuwa mekundu.

Farangis akatoa simu yake. "Hebu sikilizeni kitu." Akaiweka katikati ya sinia. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya kirefu. Tik.

"Saa mbovu," alisema Yadollah.

"Si saa. Nilirekodi maabara. Kuna kipande cha madini, kidogo hata kokwa ya komamanga inakishinda. Ndani yake mna chembe zinazovunjika, moja moja. Ikivunjika moja, mashine inaisikia inagonga."

"Zinavunjika kwa nini?"

"Hiyo 'kwa nini' ndiyo haipo, Baba." Alikuwa amekaa mbele kabisa ya mkeka sasa, kama alivyokuwa akikaa mdogo anapotaka kuruhusiwa kitu. "Zamani watu wa fizikia walisema dunia yote ni mashine moja. Ukijua kila punje iko wapi leo na inaelekea wapi, unajua yote yatakayotokea hadi mwisho. Hata chafya za bibi. Zilikuwa zimeshapangwa kabla ya jua kuwaka."

"Watu wa dini hao," nilisema.

"Wengine. Halafu wakafika kwenye hizi chembe. Hesabu inawaambia ngapi zitavunjika kwa muda fulani, na inasema kweli kila mara. Lakini ni zipi? Haisemi. Na wengi wao wanaona si kwamba hatujatazama vizuri. Wanaona hakuna cha kutazama. Chukua itakayovunjika sasa hivi na itakayokaa miaka elfu, ziweke pamoja: hakuna tofauti yoyote kati yao. Hakuna iliyochoka. Hakuna iliyozeeka."

Yadollah alisikiliza tik, tik. "Udongo hauko hivyo. Udongo unaanza kwa kumwaga mchanga. Unasema kabla."

"Hizi hazisemi."

"Basi zinafanya zipendavyo. Zina hiari kuliko mimi."

"Hapana! Hapo watu wengi wanateleza." Sauti yake ilipanda, nikamwonyesha kidole kwa sababu ya majirani. "Kitu kikitokea bila sababu hiyo si hiari. Kama ungekuwa unashuka kisimani kila simu hii inapogonga, ungekuwa mtu huru?"

"Ningekuwa mwehu."

"Na ukishuka kwa chafya?"

Nilimfinya paja. Yadollah alinigeukia mimi akasema, "Tumemlipia karo, sasa tukubali risiti." Lakini hakuwa amekasirika. Alikuwa anasugua goti lake kama afanyavyo akiwa na jambo.

Mimi ndiye niliyekasirika, sijui kwa nani. "Subiri kwanza. Yakiwa yote yamepangwa, mtu hachagui. Yakiwa mengine yanatokea tu, mtu hachagui pia. Sasa nani aliamua kutia chumvi nyingi kwenye supu ya leo?"

"Wewe, Mama."

"Kwa hiyo nachagua."

"Ulikuwa na mawazo juu ya Baba, mkono ukaenda wenyewe." Akacheka, kisha akaacha. "Sijui, Mama. Maprofesa wenyewe wanagombana. Kuna wanaosema hiari ni njozi. Kuna wanaosema inatosha kwamba ni wewe uliyefikiri na si mtu mwingine, hata kama kufikiri kwako kumepangwa. Na kuna wanaosema, kwa hesabu za mwendo na mwanga, hakuna 'sasa' moja ya dunia nzima, kwa hiyo jana na kesho zote zipo tayari. Zimelala tu, kama mfereji wako kutoka kisima mama mpaka bustanini. Sisi tunatembea na taa, tunaona kipande."

Hilo Yadollah alilipenda. Aliliweka kichwani, naona, akalitembea. Halafu akasema, "Lakini mfereji ulichimbwa. Kabla ya hapo palikuwa udongo."

"Wa kwao haukuchimbwa, Baba. Upo tu."

"Sijauona wa namna hiyo."

"Na mimi sijauona. Nimeona hesabu zake."

Wakanywa chai, baba na binti, wamefanana mkao. Mimi niliondoa simu ile kwenye sinia kwa sababu ilikuwa bado inagonga, na kila ilipogonga moyo wangu ulikuwa unaenda mlimani.

Jumamosi tulikwenda sote. Nilisema nawapelekea mkate na jibini, na hakuna aliyenibishia. Norouz-Ali, mwenzake wa miaka mingi anayeendesha gurudumu la kamba, alikuwa ameshafika kisimani. Ni mtu mzima mwenye mdomo mrefu, ambaye hata mazishini hufukuzwa kwa kuchekesha watu. Haji Khodadad naye alikuja na pikipiki, akakaa juu yake bila kushuka, kama jenerali.

Yadollah alivaa nguo yake nyeupe, akajifunga kamba kiunoni. Norouz-Ali akachukua gunia alilotandika juu ya gurudumu usiku kuzuia umande, akalikung'uta. Lilikuwa la makapi ya ngano. Vumbi likapanda lote, na Farangis, aliyekuwa upande wa upepo, akapiga chafya.

Moja.

Yadollah alisimama mguu mmoja ukiwa tayari kwenye mdomo wa kisima. Akaurudisha.

"Subira imekuja, Ostad," alisema Norouz-Ali; ndivyo tunavyomwita fundi mkuu. "Bi Batul, mimina chai."

"Subira gani!" alipiga kelele Haji Khodadad. "Umemrushia msichana gunia zima puani! Hata ngamia angepiga chafya!"

"Ngamia hahesabiki, Haji. Huyu ni binti ya mtu."

"Binti yangu," Haji alimgeukia Farangis na sauti ya asali, "piga nyingine, Mungu akupe afya. Tazama jua kidogo. Ukitazama jua inakuja."

Nami nilikuwa namtazama mwanangu, na nikaona. Ilikuwa inakuja yenyewe. Pua ilitanuka, macho yakajaa maji, kidevu kikapanda. Ya pili, na ikitoka baba yake anaingia chini ya ufa ule. Nilisema moyoni, ee Mungu, irudishe, hata kama uliipanga tangu kabla ya jua kuwaka, irudishe. Na Farangis, anayeziita chafya kamasi tu, akapeleka mkono usoni akaibana pua yake kwa vidole viwili. Aliibana kwa nguvu mpaka mshipa wa shingo ukatokeza. Mwili wote ulitikisika mara moja, bila sauti. Halafu akashusha mkono.

"Ameizuia!" Haji alishuka kwenye pikipiki. "Ostad, nimemwona, ameizuia! Hiyo ni ya pili!"

"Haikutoka," alisema Norouz-Ali.

"Imetokea ndani!"

"Ya ndani inahesabika? Haji, hilo itabidi uende Qom ukawaulize mashehe."

Yadollah hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anamtazama Farangis.

"Umeizuia?"

"Ndiyo, Baba."

"Wewe huamini chafya."

"Siamini. Wewe unaamini."

"Sasa hiyo uliyoizuia ilikuwa ya Mungu, au ya vumbi, au yako?"

Farangis alifungua kinywa. Nilijua akifungua kinywa hivyo kitu gani kinafuata: maprofesa, hesabu, chembe. Havikufuata. Alisema, "Sijui," na machozi yakamtoka, labda ya pua tu.

Yadollah alikaa kwenye rundo la udongo. Akavua kofia yake, akaiweka gotini, akaikunja na kuikunjua. Norouz-Ali alikuwa ameshaanza kumimina chai, kwa sababu siku ilikuwa imekwisha kwa jinsi tulivyomjua wote. Hata Haji alikuwa anaizungusha pikipiki yake huku anatukana mafua na wenye mafua. Mimi nilianza kupumua. Nilifikiri: leo, angalau leo.

Kisha akavaa kofia. "Nishushe," alimwambia Norouz-Ali.

Norouz-Ali akadhani ni mzaha, akacheka. Hakuna aliyecheka naye. "Ostad, ilikuwa moja."

"Nilisikia. Nishushe."

"Yadollah!" Nilimshika mkono wa nguo ile nyeupe. "Subira imekuja! Baba yako alikuambia nini?"

"Baba yangu hayupo hapa, Batul. Kama humwamini Norouz, shika kamba na wewe."

Nikaishika. Nilikuwa na hasira, na hofu, na sikuwa na mahali pengine pa kuweka mikono. Farangis alikuja nyuma yangu akashika pia, na Norouz-Ali akazungusha gurudumu polepole, kofia ya Yadollah ikawa sahani, ikawa kifungo, ikawa haipo. Kamba ililegea. Alikuwa amekanyaga chini na kuanza kutembea.

Sijui tulikaa muda gani. Kamba iliyolegea haina uzito, na mimi nilikuwa nausubiri uzito. Upepo uliinua karatasi ya mkate. Haji Khodadad alianza kusema jambo kuhusu kaka yake wa Kerman, akaliacha katikati. Niligundua kwamba kwa mara ya kwanza sina chafya ya kusikiliza. Kama jambo lingetokea, lingetokea bila kusema, kama zile tik. Na kama lisingetokea, ingekuwa vivyo hivyo. Nilimnong'oneza Farangis, "Mbona alishuka? Ulimwambia nini?" Akasema, "Sikumwambia kitu, Mama. Ulikuwepo." Nikataka kumpiga, na nikataka kumfunika na buibui langu.

Kamba ilivutwa mara tatu. Norouz-Ali akarukia gurudumu. Kofia ikarudi, uso, mabega meupe. Hakuwa na tope hata magotini. Hakuwa amefanya kazi yoyote.

"Vipi?" Haji aliuliza. "Limeanguka?"

"Limesimama."

"Udongo umesema?" aliuliza Norouz-Ali kwa sauti ya chini.

"Mchanga kidogo ulinimwagikia kwenye taa. Kama kawaida. Nimepita chini ya mapaa yaliyosema zaidi ya hilo."

"Sasa?" alisema Haji.

"Sasa sitaki kuingia. Tutachimba ubavuni."

Haji Khodadad alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyepotezewa njia. "Ni ile chafya," alisema hatimaye, karibu kwa kubembeleza. "Sawa, Ostad, subira ni subira, sibishani. Kesho basi. Au Jumatatu."

Nilimwona Yadollah anaona mlango ule. Ulikuwa wazi kabisa, amepita humo maisha yake yote. Angetikisa kichwa tu, na Haji angeondoka bila neno.

"Chafya niliivunja niliposhuka," alisema. "Haimo tena. Ni mimi."

"Wewe unaogopa!"

"Ndiyo, Haji. Naogopa."

Norouz-Ali aligeuza uso, kama mtu aliyefungua mlango wa hamamu akamkuta mwenzake hajavaa. Haji hakucheka. Nadhani angecheka kama angesikia kwa mtu mwingine. Akapanda pikipiki yake, akaipiga teke mara nyingi kabla haijawaka.

Walichimba ubavuni majira yote ya joto. Maua yakaanguka, makomamanga machache yaliyoshika yakawa madogo na magumu, yakapasuka mtini. Haji Khodadad alikata safu nzima ya miti upande wa barabara, ambako lazima tupite. Vuli maji yalipotoka tena watu walichinja kondoo, na Yadollah alipewa nyama, lakini aliletewa na mtoto, mwenye kondoo hakuja mwenyewe.

Na lile paa halijaanguka. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Ningependa kusimulia kwamba lilianguka siku ile ile, au wiki iliyofuata, na sisi tukashukuru. Norouz-Ali akishuka kusaidia kuzoa tope hupita karibu nalo, na bado limesimama na ufa wake. Haji naye anajua. Akimkuta Yadollah dukani husema, "Ostad, paa lako linakusalimu," na Yadollah hununua alichofuata na kutoka.

Nilimwambia Farangis: labda angepita. Labda angezoa udongo ule akapanda salama, na miti ya watu ingekuwepo, na baba yako angeheshimiwa. Nilitaka aniambie hapana. Akaniambia hakuna mahali pa kwenda kutazama jambo ambalo halikutokea. Kisha, kwa kuwa hawezi kuacha kitu kilipo, akaongeza kwamba wapo watu wa fizikia wanaosema mahali hapo papo, kwamba kila chembe inapoweza kwenda huku au huku dunia inakwenda kote kuwili, na iko dunia nyingine, ya kweli kama hii, ambako Baba alipita chini ya ufa.

"Na huko mimi nimevaa nyeusi?"

"Labda. Au labda huko Haji ana makomamanga."

"Wasio na watoto ndio waliofikiri jambo hilo," nilisema. Tangu siku hiyo humfikiria yule mwanamke, Batul wa huko. Nikimimina chai yangu najiuliza kama anamimina na yeye, na gilasi ngapi.

Wiki hii nina mafua. Leo asubuhi Yadollah alikuwa amekaa kizingitini anafunga viatu, kisima cha kusafishwa ni cha karibu na bustani, kazi ya kawaida, nami nikapiga chafya. Moja, ya kweli. Mikono yake ilisimama kwenye kamba za viatu. Nikasubiri akae. Badala yake aliinua macho.

"Ni mafua," nilisema.

"Najua ni mafua. Wewe unataka niende au nibaki?"

Sikuwahi kuulizwa. Wala na yeye siku ile ya posa, wala na bibi, wala na mtu yeyote, na kwa muda sikuelewa hata swali. Nilitaka kusema baki. Nilikuwa nimelisema tangu niolewe, kila asubuhi, bila kufungua mdomo. Lakini mfereji ukijaa tope maji yanapungua, na yeye akikaa nyumbani siku nzima anasugua lile goti na kutazama ukuta, na mimi najua ukuta huo unamwonyesha nini. Nilitazama kama ya pili inakuja. Nilitazama kweli, niliinua hata kidevu kuelekea jua. Haikuja.

"Nenda," nilisema.

Akaenda. Nimefagia ua, nimepika wali, nimefua nguo zisizohitaji kufuliwa, na nguo nyeupe ya akiba naiona inapepea kwenye kamba. Mke wa mwalimu amepiga chafya mara mbili huko kwake, ile yake inayokawia, na sikugeuka. Nimebandika birika mapema mno. Maji yameshachemka, nimeyaongeza mengine ya baridi, na nimesimama hapa mlangoni, mahali ambapo pikipiki ya Norouz-Ali, anayemrudisha Yadollah jioni, husikika kabla ya kuonekana.